Madonge ya Boudin ya Kukaanga: Mwongozo Kamili wa Kitafunio Kikali cha Cajun

Boudin (husomwa "budan", n ya mwisho ikiishia puani) ni soseji ya Wacajun wa kusini mwa Louisiana, Marekani. Ndani yake kuna nyama ya nguruwe, ini, wali, majani ya vitunguu na pilipili, na vyote huwa vimeshapikwa kabla ya kujazwa kwenye utumbo. Ukitoa kilichomo, ukakiviringa madonge, ukayavalisha chenga za mkate na kuyatumbukiza kwenye mafuta ya moto, umepata kitafunio kinachouzwa kwenye maduka ya nyama na hata vituo vya petroli kandokando ya barabara kuu ya I-10. Mji mdogo wa Scott, jirani na Lafayette, ulipewa rasmi na bunge la jimbo mwaka 2012 cheo cha makao makuu ya boudin duniani. Broussard na Jennings nayo ina madai yake, na ugomvi huo haujaisha.

Wengi wanaoharibikiwa na madonge haya hulaumu mafuta, na mara nyingi mafuta hayana kosa. Donge linalopasuka au kumeguka kwenye sufuria liliharibika jana yake, pale mchanganyiko ulipotiwa supu nyingi mno, au ulipoviringwa kabla haujapoa sawasawa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyama, wali na friji. Kukaanga kwenyewe ni dakika nne.

Vipimo vya madonge 30 hivi (watu 8 hadi 10)

Kijiko cha chai hapa ni mililita 5, cha chakula ni 15. Tumia mizani ukiwa nayo, hasa kwa chumvi.

Kwa mchanganyiko:
- nyama ya bega la nguruwe yenye mafuta yake, gramu 500
- ini la nguruwe au la kuku, gramu 100
- kitunguu maji kikubwa 1 (gramu 120)
- pilipili hoho ya kijani, nusu (gramu 60)
- seleri, bua 1 (gramu 40)
- vitunguu saumu, punje 3
- maji, lita 1.2
- jani la bay, 1
- mchele wa punje za wastani, gramu 150
- majani ya vitunguu yaliyokatwa vidogo, gramu 40
- paseli, yale majani yanayofanana na giligilani lakini yenye harufu ya upole, gramu 15
- chumvi, gramu 18: 8 za sufuriani na 10 za mwisho
- pilipili kali nyekundu ya unga aina ya cayenne, vijiko 2 vya chai
- pilipili manga, kijiko 1 na nusu cha chai
- paprika, kijiko 1 cha chai

Kwa ganda: unga wa ngano gramu 120, mayai 2, maziwa mililita 60, chenga kavu za mkate gramu 180, na viungo vya ziada vitakavyotajwa mbele. Kwa kukaangia: lita 1.5 ya mafuta ya karanga, alizeti au kanola.

Kitunguu, hoho na seleri ndivyo Louisiana wanavyoviita utatu mtakatifu, na karibu kila chungu cha Cajun huanza navyo. Usipopata seleri, ongeza kitunguu na hoho kidogo, madonge hayataharibika. Usipopata majani ya vitunguu ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yanayoleta ule ubichi unaokata mafuta ya nyama.

Kwa nini bega, na si steki

Bega lina mafuta na lina tishu ngumu zinazoshikilia misuli. Ukilichemsha taratibu, tishu hizo huyeyuka na kuwa gelatini. Gelatini hiyo ikipoa huganda na kuushika mchanganyiko kama gundi, na ikipata moto tena ndani ya mafuta huyeyuka, hivyo donge likawa laini na tepetepe ndani ya ganda kavu. Nyama isiyo na mafuta, kama ile ya mgongoni, haina gundi hiyo. Utapata donge linalomeguka kama mchanga, na hakuna kiasi cha yai kitakachokuokoa.

Ini lisizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa nyama. Likizidi hapo linatawala kila kitu, na uchungu wake huongezeka kadiri linavyopikwa. Hata kama hulipendi, usiliache kabisa. Gramu 50 tu zinatosha kuutia mchanganyiko ule uzito wa ladha unaoitambulisha boudin. Bila ini umepika wali na nyama.

Asiyekula nguruwe atumie mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa, yakiwa na ngozi yake, gramu 500, pamoja na maini ya kuku gramu 80. Mapaja huiva kwa dakika 45. Louisiana kwenyewe zipo boudin za kamba wa maji baridi, za uduvi na hata za mamba wa Marekani, kwa hiyo hakuna atakayekushtaki.

Hatua ya kwanza: chemsha

Kata nyama vipande vya sentimita 3. Weka sufuriani na kitunguu, hoho na seleri vilivyokatwa vikubwa, vitunguu saumu, jani la bay, gramu 8 za chumvi, kijiko kimoja cha chai cha cayenne na nusu kijiko cha pilipili manga. Mimina maji, chemsha, toa povu la juu, kisha punguza moto hadi maji yawe yanatikisika tu. Funika nusu.

Nyama ikae hapo saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Imeiva pale kipande kinapogawanyika kwa kubanwa na vidole viwili. Ikiwa bado inavuta, ongeza dakika 15. Kusaga nyama isiyoiva vizuri huacha nyuzi zinazochomoza kwenye donge na kulipasua.

Ini lioshe, litoe utando na mishipa, likate vipande vinne, na litie sufuriani dakika 15 za mwisho. Likitiwa mwanzoni hukauka na kuwa chengachenga. Kata kipande katikati uone: kisiwe na wekundu. Ukiwa na kipimajoto, ndani kisome nyuzi 71 za Selsiasi au zaidi kwa ini la nguruwe, na 74 kwa la kuku.

Chuja. Hifadhi supu yote, kwa sababu itabaki kama mililita 700 nawe utatumia theluthi yake tu. Tupa jani la bay.

Hatua ya pili: wali

Wali upikwe peke yake, bila chumvi, wakati nyama iko motoni. Osha mchele mara moja tu. Ukiuosha mpaka maji yaangaze umeondoa wanga unaouhitaji. Pika kwa mililita 240 za maji, moto mdogo, umefunikwa, dakika 16, kisha uache dakika 10 bila kufunua. Unatakiwa uwe umeiva lakini mkavu kidogo, kwani bado utakunywa supu.

Punje za wastani ndizo sahihi. Mchele mrefu wa aina ya basmati hauna kunata na donge litafumuka. Mchele wa kunata kupita kiasi hutoa kitu kinachofanana na keki. Kusini-magharibi mwa Louisiana, kuzunguka mji wa Crowley, ni mashamba ya mpunga kwa kilomita nyingi, na wali ndio uliowezesha nyama kidogo kulisha watu wengi siku ya kuchinja nguruwe, ile wanayoiita boucherie. Wacajun ni wazao wa Waakadia waliofukuzwa na Waingereza kutoka Acadie, sehemu ya Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755. Chakula chao kina alama ya watu wasiotupa kitu.

Hatua ya tatu: saga na changanya

Saga nyama, ini na mboga zilizochemka pamoja nazo zikiwa bado vuguvugu, kwa sahani ya matundu ya milimita 6. Zikipoa kabisa mafuta huganda na kuchafua mashine. Kama huna mashine ya kusagia nyama, katakata kwa kisu kikubwa. Blenda ya chakula inafaa ukiibonyeza kwa vipindi vya sekunde moja, mara 8 hadi 10, nyama kidogo kidogo. Ukiiachia izunguke utapata uji wa nyama, na huo haurudi nyuma.

Weka nyama kwenye bakuli kubwa. Ongeza wali, majani ya vitunguu, paseli, cayenne na pilipili manga zilizobaki, paprika, na gramu 10 za chumvi. Mimina mililita 150 za supu ya moto na uanze kukoroga kwa mwiko kwa nguvu. Koroga dakika nne nzima. Mikono itachoka, lakini hapo ndipo wanga wa wali unapotoka na kushikana na gelatini.

Sasa ongeza supu kijiko kimoja cha chakula kwa wakati, na upime hivi: buruta mwiko katikati ya bakuli hadi chini. Mtaro unaobaki ukisimama wima bila kujifunga, bado ni mkavu. Ukijifunga polepole, kwa sekunde tatu au nne, acha hapo hapo. Ukijaa supu chini, umezidisha. Kwa kawaida utafika kwenye mililita 200 hadi 230. Kwa jicho utaona mchanganyiko ni mlaini mno kuviringwa, na ndivyo unavyotakiwa uwe ukiwa moto, kwa kuwa friji itaukaza. Ule unaoviringika ukiwa moto utakuwa mgumu kama matofali kesho.

Ukizidisha supu, usiongeze unga wa ngano. Unga mbichi huacha ladha ya gundi. Nyunyiza chenga za mkate kijiko kimoja kimoja, koroga, subiri dakika tano, pima tena.

Onja. Ukiwa moto, mchanganyiko uwe na chumvi na ukali uliozidi kidogo kile unachokitaka mezani. Wali utaendelea kufyonza usiku kucha, na ganda litapunguza tena ladha. Mchanganyiko ulio sawasawa leo utakuwa umepoa ladha kesho. Kwa vipimo hivi ukali ni wa kuhisi kooni bila kutokwa machozi; anayetaka zaidi aongeze cayenne nusu kijiko cha chai kila mara, si zaidi, maana ukali wake hujitokeza kwa kuchelewa.

Hatua ya nne: friji

Tandaza mchanganyiko kwenye trei pana, unene usizidi sentimita 3, na uuingize kwenye friji ukishaacha kufuka moshi. Usiuache mezani zaidi ya saa mbili. Wali uliopikwa unaweza kuwa na vimelea vinavyostahimili moto wa kupikia na kuzaana kwenye joto la kawaida, na sumu vinayoiacha haiondoki hata kwa kukaangwa. Trei pana hupoa haraka. Bakuli refu hubaki na joto katikati kwa saa nyingi.

Saa nne ndiyo kima cha chini. Usiku mzima ni bora. Hatua hii haina njia ya mkato.

Hatua ya tano: viringa na visha

Lowesha viganja kwa maji baridi, chota gramu 40 (donge la kipenyo cha kama sentimita 4), kandamiza kwanza ili kutoa hewa, halafu viringa. Mwanya wa hewa ndani ya donge hujaa mvuke na kutafuta njia ya kutokea. Donge liwe laini juu bila ufa. Ukiona ufa, uzibe kwa kidole kilicholowa.

Wanaopenda jibini huweka katikati kipande cha gramu 5 cha jibini yenye pilipili. Inafaa, ila hakikisha imezungukwa na angalau sentimita moja ya mchanganyiko pande zote. Jibini inayogusa ganda itatoka na kuungua kwenye mafuta.

Rudisha madonge kwenye friji dakika 20 huku ukiandaa sahani tatu. Ya kwanza, unga wa ngano na nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu cha cayenne. Ya pili, mayai yaliyopigwa na maziwa na matone kadhaa ya sosi ya pilipili. Ya tatu, chenga za mkate zilizochanganywa na kijiko cha chai cha paprika na nusu cha unga wa vitunguu saumu. Kila tabaka liwe na ladha yake, vinginevyo ganda litakuwa kama karatasi.

Mkono mmoja uwe wa vitu vikavu na mwingine wa yai; ukivichanganya, vidole vyako ndivyo vitakavyovaa chenga. Unga uwe tabaka jembamba, kung'uta uliozidi. Yai lizunguke kote. Kwenye chenga, usibingirishe tu, bonyeza kidogo. Kagua sehemu ya chini, maana mara nyingi huko ndiko kunakobaki upara, na kwenye upara ndipo donge hupasukia. Ukitaka ganda nene zaidi, rudia yai na chenga mara ya pili.

Madonge yaliyovishwa yapumzike kwenye friji nusu saa nyingine. Unga hunyonya unyevu wa yai, na tabaka tatu hushikana kuwa moja. Ukiruka mapumziko haya, ganda hubanduka kama gamba.

Hatua ya sita: kaanga

Sufuria iwe nzito na ndefu. Mafuta yasivuke nusu ya kimo chake, na yawe na kina cha kufunika madonge, sentimita 6 hivi. Pasha hadi nyuzi 177. Kipimajoto kinastahili hela yake hapa. Usipokuwa nacho, dondosha chenga moja ya mkate: ikizama kisha ikapanda na kuchemka kwa furaha mara moja, mafuta yako tayari; ikilala chini, bado; ikigeuka kahawia ndani ya sekunde chache, yamezidi.

Weka madonge matano au sita tu, moja moja, kwa kijiko chenye matundu. Mafuta yatashuka hadi karibu nyuzi 165, na hiyo ni sawa. Ukijaza sufuria yatashuka chini ya 150, na hapo ganda hunywa mafuta badala ya kukauka. Usiyaguse kwa dakika moja ya kwanza. Baada ya hapo yageuze taratibu.

Dakika tatu na nusu hadi nne kwa madonge yaliyotoka friji. Sikiliza: mwanzoni mlio ni mkali na mapovu ni makubwa, maji ya ganda yanapokwisha, mlio hupungua na mapovu huwa madogo. Rangi unayoitafuta ni ya kahawia ya dhahabu iliyokolea. Choma kipimajoto katikati ya donge moja katika kila mkupuo, kisome nyuzi 74. Likiwa la kahawia nje na baridi ndani, mafuta yako ni makali mno.

Yaweke kwenye wavu wa waya juu ya trei, si kwenye karatasi. Kwenye karatasi sehemu ya chini hujifukiza kwa mvuke wake na kulainika ndani ya dakika mbili. Nyunyiza chumvi kidogo papo hapo. Kabla ya mkupuo unaofuata, chota chenga zilizobaki sufuriani, maana zikiungua hutia uchungu kila kitakachofuata, na subiri mafuta yarudi 177.

Usalama ni wa maneno machache: usiondoke jikoni, mafuta yakianza kutoa moshi, zima, yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma. Maji yasikaribie kabisa.

Yakiharibika, tafuta hapa

Donge likipasuka ubavuni na kumwaga ndani yake, ama lilikuwa na upara kwenye ganda, ama halikuwa baridi vya kutosha, ama limekaa kwenye mafuta kupita muda. Yakipasuka yote, basi ni supu. Yaliyobaki yaweke friza dakika 30 kabla ya kuyakaanga, angalau uokoe nusu.

Likinywa mafuta, ni joto la chini au sufuria iliyojaa. Likiwa kavu na lenye kukwaruza ndani, nyama ilikosa mafuta au uliogopa supu. Uchungu ukitokea, onja mchanganyiko uliobaki ambao haujakaangwa: ukiwa mtamu, lawama ni ya mafuta yaliyoungua, ukiwa mchungu, ni ini.

Anayenunua boudin iliyo tayari ataruka hatua tatu za kwanza. Gramu 450 hutoa madonge 11 hivi. Ipasue utumbo kwa kisu ikiwa baridi, sukuma kilichomo, na upime unyevu, maana kila duka lina mkono wake. Iliyofukizwa moshi ina utumbo mgumu lakini ladha yake kwenye madonge ni nzuri sana.

Sosi

Mayonezi gramu 150, haradali ya chembechembe kijiko 1 cha chakula, tango la siki lililokatwa vidogo vijiko 2 vya chakula, maji ya limau kijiko 1 cha chakula, paprika kijiko 1 cha chai, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, na sosi ya pilipili kwa kupenda kwako. Koroga, weka friji saa moja. Huu ni mtindo mfupi wa remulade ya Louisiana. Uchachu wake ndio unaohitajika, kwa hiyo usione haya kuongeza limau.

Kuhifadhi

Madonge yaliyovishwa bila kukaangwa hukaa friji siku moja na friza miezi miwili. Yagandishe kwanza kwenye trei yakiwa yameachana, kisha yatie mfukoni. Kukaanga yakiwa yameganda inawezekana: futa barafu ya juu ili mafuta yasirukeruke, shusha joto hadi nyuzi 160, na uyape dakika 6 hadi 7.

Yaliyokwisha kukaangwa hukaa friji siku tatu. Yapashe kwenye oveni ya nyuzi 190, juu ya wavu, kwa kama dakika 12. Maikrowevu italoweka ganda. Ile supu iliyobaki igandishe kwenye trei ya barafu: vipande viwili vitaurejesha mchanganyiko uliokauka siku nyingine, na vilivyobaki vitapikia maharage.